Mkono wa Mwingereza Unaishia Wapi?

Niliwahi kukabidhiwa muswada wa hadithi ya watoto iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza ili niuhariri kabla haujapelekwa kupigwa chapa. Katika ukurasa mmoja alitajwa farasi mwenye kimo cha mikono 15. Sentensi haikuwa na kosa la sarufi, na mfasiri alikuwa ameifuata kamusi kwa uaminifu: neno lililokuwa mbele yake lilikuwa "hand", na kamusi inasema "hand" ni mkono. Lakini mkono, ukiwa kipimo, una historia yake katika Kiswahili. Ni urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, yaani inchi 18 hivi, na wafanyabiashara wa pwani walipimia nguo kwa kipimo hicho vizazi na vizazi: mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima, shuka ni mikono minne na doti ni mikono minane. Farasi wa mikono 15 angefikia karibu mita 7 na kumpita twiga dume kwa zaidi ya mita moja. Mwingereza anayepima farasi hutumia kitu kingine kabisa, nacho ni upana wa kiganja, uliokubaliwa kuwa inchi 4 kamili au sentimita 10.16, kwa hiyo farasi wa "hands" 15 ana sentimita 152 na ushei tu kutoka ardhini hadi mabegani.

Nililisahihisha kosa lile kwa kuandika sentimita, lakini halikuniondoka akilini, kwa sababu mfasiri yule hakuwa mzembe. Alikuwa amelazwa usingizi na neno ambalo sote tunaamini tunalijua. Majina ya viungo vya mwili ndiyo mafunzo ya kwanza ya Kiingereza katika madarasa yetu: mwalimu huinua mkono, darasa zima hutamka "hand", na kuanzia siku hiyo jambo hilo huhesabiwa kuwa limekwisha. Maoni yangu ni kwamba halijaanza hata kidogo. "Hand" na mkono ni maneno yanayokutana katika eneo dogo, kisha kila moja likashika njia yake, na wanaoandika Kiswahili kila siku huku Kiingereza kikiwa mezani kwao, yaani wanahabari, wafasiri, wauguzi na mawakili, wanahitaji kujua mahali ambapo njia hizo zinaachana.

Zinaachana kwanza kwenye mwili wenyewe. "Hand" ya Mwingereza inaishia pale mkono unapoungana na kiganja, na kutoka hapo kwenda juu hadi begani ni kiungo kingine chenye jina jingine, "arm". Mkono wa Mswahili unaanzia begani na kumalizikia kwenye ncha za vidole, bila mpaka wowote katikati. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa upungufu wa lugha yetu, na nimewahi kulisikia likisemwa hivyo na watu wenye elimu kubwa. Ni hukumu isiyo na msingi. Mwanaisimu Cecil Brown, katika Atlasi ya Dunia ya Miundo ya Lugha, alizilinganisha lugha 617 na kukuta kwamba 228 kati yake, zaidi ya theluthi moja, zinatumia neno lilelile kwa sehemu zote mbili. Alibaini pia kwamba lugha za aina hiyo zimejaa zaidi karibu na ikweta, akapendekeza kwamba huenda mavazi ya nchi za baridi, yenye mikono mirefu inayoishia kifundoni na kukiacha kiganja peke yake, ndiyo yaliyowazoesha watu kuuona mwili ukiwa umegawanyika mahali pale. Pendekezo hilo linavutia, ingawa mimi nasita kulikubali lote. Watu wa pwani yetu wamevaa kanzu kwa karne nyingi, kanzu inayofunika mkono hadi kifundoni, na bado wanasema mkono. Tena kile kipande cha nguo chenyewe wamekiita mkono wa kanzu.

Isitoshe, Kiswahili hakikosi majina ya kugawia. Kina kiganja na kitanga, kina kigasha, kina kisugudi na kiwiko, na kina kifundo cha mkono. Linalonisikitisha ni jinsi maneno haya yanavyofifia. Kiwiko kimekuwa mgogoro mtupu: kwa baadhi ya wasemaji na baadhi ya kamusi ni pale mkono unapokunjika katikati, na kwa wengine ni pale saa inapovaliwa. Kigasha, jina zuri la sehemu iliyo kati ya mahali hapo pawili, vijana wengi hawajapata kulisikia. Lugha isiyo na mpaka katikati ya mkono haina tatizo lolote, ila lugha inayoyaacha majina yake ya sehemu ndogondogo yapotee inajitafutia shida siku ambayo usahihi utahitajika.

Na siku hiyo huja. Mgonjwa anapomwambia muuguzi kwamba mkono unamuuma, na muuguzi akapaswa kuandika kwa Kiingereza katika faili, kuna uamuzi unaofanyika ambao mgonjwa haujui. Muuguzi makini husema, "Nionyeshe, mama, ni wapi hasa?" na kuandika kile alichoonyeshwa. Aliyechoka baada ya zamu ya usiku huenda akaandika "hand", na anayelisoma faili baadaye akaanzia uchunguzi kwenye vidole ilhali maumivu yako begani. Katika fidia uzito wake ni wa fedha. Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ina jedwali linaloonyesha kiwango cha ulemavu kwa kila jeraha, na majedwali ya namna hiyo, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, huhesabu kando mkono uliopotea kuanzia begani, kiganja kilichopotea, na kila kidole kwa nafasi yake. Mfanyakazi anayeeleza kwa Kiswahili kwamba mashine imemkata mkono amesema kweli tupu, lakini kweli hiyo inaweza kuangukia kwenye mstari wowote wa jedwali. Kwa hiyo mkalimani wa hapo hana haki ya kuchagua neno la Kiingereza kabla hajauliza.

Uwanja wa mpira nao umewahi kuwapeleka Waingereza mahali tulipo sisi. Kosa wanaloliita kwa jina la "hand" halihusu "hand" peke yake, na kwa hiyo Kanuni ya 12 hulazimika kutaja viungo viwili kwa pamoja kila inapolieleza. Mwaka 2020 watunga kanuni, yaani bodi ya IFAB, walilazimika hata kuchora mstari: mkono unahesabiwa kuanzia usawa wa sehemu ya chini ya kwapa, na kilicho juu ya hapo ni bega. Watangazaji wetu hawana haja ya kutaja viungo viwili. Wao husema mchezaji ameunawa mpira, kitenzi ambacho kimebeba mkono ndani yake bila kuutaja, na ambacho nakihesabu miongoni mwa ubunifu bora wa Kiswahili cha michezo. Tarehe 22 Juni 1986, Diego Maradona alipofunga dhidi ya Uingereza katika uwanja wa Azteca mjini Mexico City na baadaye kuuhusisha mkono wa Mungu, maneno yake yaliingia katika kila lugha. Lakini kwa Kiswahili yaliingia mahali palipokwisha kukaliwa, kwani mkono wa Mungu kwetu ni msemo wa ibada, unaotajwa kwenye msiba ulioepukwa na riziki isiyotarajiwa.

Ibada ndiyo inayoonyesha tofauti hii kwa uwazi kuliko yote. Aya ya 6 ya Sura ya 5 ya Kurani inawaamuru waumini wanaosimama kwa sala waoshe nyuso zao na mikono yao mpaka viwikoni. Neno la Kiarabu linalotumika pale, kama mkono wetu, linaweza kukifunika kiungo chote. Mfasiri wa Kiswahili hana kazi ngumu: anaandika mikono, anaandika mpaka viwikoni, na msomaji anaelewa. Abdullah Yusuf Ali, alipoitafsiri aya hiyohiyo kwa Kiingereza, alijikuta amebanwa, kwa sababu "hands" haziwezi kuoshwa mpaka kwenye kiwiko, zimeishia kifundoni. Ikambidi aongeze "and arms" katika mabano, maneno ambayo hayamo katika asili, ili maji yapate njia ya kupanda. Hapa lugha ambayo wengi huiita tajiri ndiyo iliyohitaji kiraka.

Biblia inatoa mfano wa upande wa pili, na haki inanitaka niueleze. Katika Kumbukumbu la Torati 26:8, Kiebrania kinataja viungo viwili, kimoja cha nguvu na kingine kilichonyoshwa, na Kiingereza kinavifuata vizuri kwa "hand" na "arm". Tafsiri ya Muungano ya Kiswahili inasema kwamba Bwana aliwatoa Waisraeli Misri kwa mkono wa nguvu, na kwa mkono ulionyoka. Maneno mawili yamekuwa moja. Je, tumepoteza kitu? Tofauti ya viungo imepotea, hilo silikatai. Lakini sikiliza jinsi mkono unavyorudi mara ya pili, kama mpigo wa ngoma unaorejea penye uzito, na utaona kwamba wafasiri wale hawakujaribu kuificha hasara kwa kuokoteza neno la ajabu. Walikiacha Kiswahili kifanye kile kinachokijua, yaani kurudia, na mstari ukasimama imara. Ningependa wafasiri wa leo wawe na ujasiri wa namna hiyo.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. "Hand" ni neno la kale la lugha za Kijerumani: Mjerumani husema Hand, Mholanzi hand, Mswidi hand, na Wagothi wa kale walisema handus. Nje ya familia hiyo ndogo hakuna ndugu anayejulikana kwa yakini. Kilatini kina manus na Kigiriki kina kheir, maneno yasiyofanana nalo kabisa. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kiliingia mahakamani na katika jumba la mfalme, na pamoja nacho ukaja mkono wa Kilatini. Ndipo lugha moja ikawa na mikono miwili yenye hadhi tofauti. "Hand" ilibaki na kazi za karibu na ardhi: kushika, kubeba, konzi ya nafaka, mpini wa jembe. Manus ikachukua kazi za ofisini: kusimamia ("manage"), kuamuru ("command"), kupewa mamlaka ("mandate"), kuandika hati ("manuscript"). Hata daktari wa upasuaji anaitwa "surgeon", neno lililotoka Kigiriki likapitia Kifaransa, likiwa na maana ya mtu afanyaye kazi kwa mkono. Mwingereza wa kawaida hauoni mkono uliomo ndani ya maneno haya, kama vile sisi tusivyouona ule uliomo ndani ya kukabidhi, kitenzi kilichotoka Kiarabu kikiwa na maana ya kushika kwa kukaza kiganja. Kila sherehe ya makabidhiano ya ofisi, pamoja na mafaili na hotuba zake, ni mkono mmoja unaolegeza na mwingine unaokaza.

Miongoni mwa maneno ya manus, mawili yananishughulisha zaidi. La kwanza ni "manufacture", ambalo kwa asili lilikuwa kutengeneza kwa mkono. Mashine zilipoingia viwandani, neno liliendelea kutumika bila kubadilika, mpaka likamaanisha karibu kinyume cha asili yake, na Waingereza wakalazimika kurudi kwa "hand" ya zamani ili wapate jina la kitu ambacho kweli kimetengenezwa kwa mkono. Kiwanda chetu kilipita njia inayofanana na hiyo, kwani zamani kilikuwa uwanja mdogo ambapo mafundi walikaa wakichonga na kufua. Leo ni jengo lenye mabomba ya moshi. La pili ni "emancipate". Katika sheria ya Warumi, mtu aliyekuwa chini ya mamlaka ya mwingine alihesabiwa kuwa ameshikwa mkononi, na kufanywa huru kulikuwa kutolewa katika mkono ule. Neno ambalo leo linasikika kama bendera ya ukombozi lilianza kama tendo la kisheria la mwenye mamlaka, naye ndiye aliyekuwa na uamuzi wa kuufungua mkono wake.

Hapo tunakaribia matumizi ya "hand" ambayo mimi binafsi siyapendi, na nadhani yanastahili kutazamwa bila haya. Kwa karne nyingi Kiingereza kimewaita vibarua "hands": wa shambani, wa kiwandani, wa melini. Mwenye shamba alisema ana "hands" 40, na alikuwa akihesabu watu 40, si viganja 40. Charles Dickens, katika riwaya aliyoitoa mwaka 1854, aliliona jambo hili na kuliandika kwa uchungu, kwamba wako ambao wangewapenda zaidi wafanyakazi wa viwandani kama wangeumbwa mikono mitupu. Mtu amepunguzwa akabaki kiungo kimoja, kile kinachomfaa mwajiri. Sisi hatukumwita mfanyakazi mkono. Tulimwita kibarua, yaani barua ndogo, kwa sababu ya kile kipande cha karatasi kilichoshuhudia siku aliyofanya kazi. Sidai kwamba jina hilo lina heshima zaidi, maana watu wa kwanza kuitwa hivyo Unguja walikuwamo watumwa waliokodishwa kwa kutwa. Ninachosema ni kwamba kila lugha imeonyesha ilichokiona kilipofika wakati wa kumlipa mtu: moja iliona kiganja kinachofanya kazi, nyingine ikaona karatasi. Mfasiri anayekutana na meli iliyozama "with all hands" hana budi kulijua hilo. Meli imezama na mabaharia wake wote. Akiandika kwamba imezama na mikono yote, atakuwa amewakata watu waliokwisha kufa maji.

Katika nahau, makosa ni mengi kwa sababu nahau zimefanana sura. Mshereheshaji wa Kiingereza akisema tumpe mtu "hand", huenda anataka makofi, na huenda anataka msaada. Wasikilizaji hujua kwa muktadha. Kwetu kumpa mtu mkono ni jambo la tatu. Ni kumsalimu, kumpongeza, au kumpa mkono wa pole alipofiwa, na wakati wa sikukuu upo mkono wa Idi, ambao watoto huupokea kwa furaha kubwa kuliko yote. Ukumbini kwetu makofi huombwa kwa jina lake, na vigelegele vikaitikia. Halafu kuna "on the other hand", ambayo Kiswahili kimeipatia upande: kwa upande mmoja, kwa upande mwingine. Siku hizi, hasa katika maandishi yaliyopitishwa kwenye programu za kutafsiri bila kusomwa tena na mtu, nimekuta kwa mkono mwingine. Sioni sababu ya kuivumilia. Upande ni neno letu la kupimia hoja tangu zamani, linaeleweka na mtoto, na halimwachi msomaji akijiuliza ni mkono wa nani.

Nahau inayohusu ushahidi inafundisha zaidi. Habari aliyoipata mtu mwenyewe bila kupitia kwa mwingine, Mwingereza huiita "first-hand", kama kwamba habari ni kitu kinachopitishwa mkono hadi mkono na kuchakaa njiani. Sisi ushahidi tumeuweka kwenye macho na masikio: nimeona kwa macho yangu, nimesikia kwa masikio yangu. Mwandishi wa habari anayeandika kwamba amepata taarifa za mkono wa kwanza ameandika maneno ambayo msomaji wake lazima ayarudishe kwanza katika Kiingereza ili ayaelewe. Shahidi aliyeona kwa macho hahitaji safari hiyo.

Mfano mwingine ni wa posa. Katika filamu za kigeni zinazotafsiriwa kwa Kiswahili, kijana humwendea baba wa msichana na kuomba mkono wa binti yake. Maneno haya yameanza kusikika hata kwa watu halisi. Yananitia shaka, si kwa sababu yametoka nje, maana Kiswahili kimepokea mengi kutoka nje na kikashiba, bali kwa sababu yanafunika kitu kilicho hai. Tunaposa, tunapeleka barua ya posa, Tanzania tunatoa kishika uchumba, na katika desturi za pwani kipo kipamkono, zawadi ambayo bwana harusi humpa bibi harusi wanapokutana. Mkono umo, basi, lakini umekaa mahali pengine: haumwombi baba kitu, unampa mke. Kijana anayejua kipamkono ni nini anaweza kutumia msemo wa filamu kama apendavyo. Asiyekijua ameambulia tafsiri.

Kwa upande wa Kiingereza chenyewe, lipo neno moja la ukoo wa "hand" ambalo limezungukwa na uongo, nao uongo huo umeumiza watu. Ni "handicap". Husimuliwa mara kwa mara, hata katika semina zinazohusu haki za watu wenye ulemavu, kwamba neno hili lilitokana na walemavu waliosimama barabarani na kofia mkononi wakiomba, tena kwa idhini ya mfalme. Haikuwa hivyo. Lilitokana na mchezo wa kubadilishana mali uliochezwa Uingereza katika karne ya 17, ambamo wachezaji waliingiza mikono katika kofia yenye fedha za dau, na mwamuzi akakadiria nyongeza ambayo mwenye kitu duni alipaswa kuitoa ili biashara iwe sawa. Kutoka hapo likahamia kwenye mbio za farasi, ambako farasi mwenye nguvu hubebeshwa uzito wa ziada ili wengine wapate nafasi. Baadaye likawa kizuizi cha aina yoyote, na mwishoni ndipo likabandikwa watu. Wanaolikataa neno hilo leo wana sababu nzuri, kwani mtu si kizuizi chake. Lakini sababu hiyo inajitosheleza, na haipati nguvu yoyote kwa hadithi inayomfanya kila mlemavu wa zamani kuwa ombaomba. Kiswahili kilipohama kutoka kilema kwenda mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, kilifanya hivyo kwa kuangalia heshima ya anayetajwa, bila kuhitaji kubuni ngano.

Saa nayo haitaki maneno mengi. Waingereza huziita "hands" zile fimbo zinazozunguka usoni pake. Wazee wetu waliziita akrabu, yaani nge, kwa kufuata Kiarabu, na wengi sasa husema mishale. Saa yenyewe, ambayo wao huitaja kwa jina la kifundo, sisi twaiita saa ya mkono. Na "second hand" ina maana mbili zisizohusiana, mshale wa sekunde na kitu kilichotumika, hiki cha pili kikiwa kile ambacho sokoni kwetu kinaitwa mtumba, kutokana na robota kilimofungwa.

Nimemwacha tembo kwa makusudi. Kile kiungo kirefu anachonywea maji na kung'olea miti, Kiingereza kinakiita "trunk", jina linalotumika pia kwa shina la mti na kwa sanduku la safari. Mswahili alimtazama tembo akichuma, akipangusa, akimgusa mtoto wake, akasema huo ni mkono. Hakuwa peke yake kuliona hilo: katika Kisanskriti tembo ni hastin, mwenye mkono, na jina hilo ndilo lililozaa hathi ya Kihindi. Kutoka kwa tembo, mkono ulihamia migombani, na ndizi ndefu nene za kupika zikaitwa mkono wa tembo. Hapo ndipo bwana shamba anayetafsiri mwongozo wa Kiingereza atakutana na "hand" kwa mara nyingine, kwa sababu Waingereza hulitumia neno hilo kwa chane ya ndizi, na kila ndizi wakaiita kidole. Mkungu wa mkono wa tembo huwa na chane chache, mara nyingine mbili tu, na vidole vyake ni vikubwa. Ataandika chane mbili za mkono wa tembo, na mkulima wa Kagera au Kilimanjaro ataisoma sentensi hiyo mara moja tu na kuelewa.